Kiti cha Mwaloni

Siku ya Mtakatifu Dewi, sikukuu ya taifa la Wales, msichana Mared aliamka mapema kama kawaida, akawanyonyesha kwa chupa wanakondoo waliokataliwa na mama zao, akanawa mikono, kisha akabandika kifuani liki mbichi, ile mboga ya jamii ya kitunguu ambayo watu wa Wales huivaa siku hiyo. Leo Wales nzima ingenuka liki. Shuleni kwao ilikuwa pia siku ya mashindano ya utungaji. Kila mwanafunzi huandika kwa jina la kujipachika, na mshindi hukalishwa kwenye kiti kikubwa cha mwaloni mbele ya shule nzima.

“Mbona hujagusa uji?” baba yake alimtania. “Au umeshiba kiti kabla hujakikalia?”

Mared hakucheka. Mwaka huu walitakiwa kulinganisha riwaya ya fisi maji na filamu yake. Filamu aliitazama mara mbili. Kitabu hakukifungua hata kidogo. Yote aliyoandika kuhusu kitabu aliyachota kwa rafiki yake Heledd, aliyemsimulia bila kinyongo walipokuwa wakirudi nyumbani. Tangu akabidhi karatasi ile, roho ilikuwa ikimsuta.

Ukumbini alisimama mwamuzi mgeni, Bwana Idwal. “Mshindi ameona mbali,” alisema. “Kitabuni fisi maji hasemi neno. Tunajua tu anachonusa na anachoogopa, basi tunaogopa pamoja naye. Kwenye filamu anaongea na kutania kama binadamu, nasi tunamcheka. Utungo mwingine ulikuwa na wazo hilohilo. Huo nimeuweka kando. Sipendi watu wanaonakili.”

Heledd, aliyekaa karibu na Mared, akawa mwekundu hadi masikioni. “Lakini mimi nilisoma,” alinong’ona. “Nilisoma chote!”

Tarumbeta ikalia. “Anayejiita Theluji asimame!”

Mared akasimama. Heledd akamtazama, akaelewa, akainamisha kichwa. Afadhali angemtukana.

Mared akasindikizwa hadi kitini. Mkuu wa shule, Mwalimu Eluned, akainua upanga wa sherehe juu ya kichwa cha Mared na kuuchomoa nusu, kama ilivyo desturi ya kuuliza iwapo kuna anayempinga mshindi. “Je, kuna amani?”

“Amani!” shule nzima ikaitikia.

“Je, kuna amani?”

“Hakuna!” Mared alipiga kelele, machozi yakimtoka. “Kitabu sijakisoma! Wazo ni la Heledd. Aliyenakili ni mimi.”

“Mwizi wa fisi!” mvulana mmoja akadakia kutoka nyuma.

“Wewe, funga mdomo,” Mwalimu Eluned akamkemea. Akaushusha upanga. “Shuka, mwanangu.”

Bwana Idwal akausoma upya utungo wa Heledd, safari hii kwa sauti, akamwomba radhi mbele ya wote. Heledd akakalishwa kitini. Upanga ulipoinuliwa tena, Mared aliitikia “Amani!” mpaka sauti ikamkauka.

Baadaye Mwalimu Eluned alimwita kando. “Kutumia wazo la mwenzako si kosa, ungesema tu ni lake. Ulikosea ulipojivika jasho la Heledd, ukamwachia yeye aibu. Leo umeichukua aibu yako mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Lakini usimdai msamaha leo leo. Mpe muda.”

Heledd alikuwa mlangoni. Hakutabasamu. Alimsukumia kitabu kifuani, juu ya ile liki iliyonyauka.

“Soma chote,” alisema. “Mwisho wake sikukusimulia.”