Vidole vya Mzee Anselme

—Hii haiko Papa, Exaucée alisema, akavua hedifoni.

Oyat akacheka, akidhani utani. Zilibaki siku tatu wafunge ndoa, na asubuhi nzima alikuwa kwenye studio yake ya Kansanga, anausafisha wimbo ambao bibi harusi angeingia nao kanisani. Mpiga kinanda alikuwa Mzee Anselme, baba yake Exaucée. Aliupigia humu humu, mwezi mmoja kabla hajafariki.

—Ni yeye, mpenzi. Noti zilikuwa zinachelewachelewa, nikazinyoosha zote kwa mstari. Na pale mwisho penye palikuwa patupu, nilikata.

—Ulinyoosha Papa yangu?

—Exau...

—Vidole yake ya kushoto ilivunjikaka Bukavu! Njo maana mkono ile inachelewa. Kwa nyumba tunamujuaka kwa ile kuchelewa. Na wewe unaifuta?

Oyat alijaribu kurudisha. Wapi! Alikuwa ameshahifadhi na kufunga, na programu haikukumbuka tena noti zilipokuwa. Huyu mtoto wa mwanajeshi, aliyelelewa kambini ambako hata shuka halikuruhusiwa kuwa na kunyanzi, hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Exaucée alimtazama akibonyeza kitufe kilekile mara kumi, kisha akachukua mkoba wake na kuondoka akilia.

Baadaye ujumbe ukaingia:

"Harusi isimame. Papa nilimuzika mara moja. Leo nimemuzika mara ya pili."

Oyat akarudi kwenye kompyuta. Akaanza kufungua klipu za MIDI, zile rekodi za kinanda, moja baada ya nyingine. Chini kabisa akakuta moja ya kijivu, ameizima sauti, jina lake "Mzee anajaribu". Lilikuwa jaribio la kwanza. Siku ile ya kurekodi mzee alisema, "Hiyo tupa, nilikosea." Oyat akaona haya kutupa kazi ya mkwe wake, akaificha huko. Leo hata kuisafisha alisahau.

Akapiga simu.

—Exau, njoo, nakuomba.

—Kufanya nini?

—Kuna moja sijaigusa. Sikia kwanza, halafu kama ni kuniacha, uniache.

Alikuja, akasimama mlangoni, hakuketi. Oyat akabonyeza. Kwenye skrini vijiti vya noti za mkono wa kushoto vilikuwa nyuma kidogo ya vile vya kulia, vyote.

Exaucée akaziba mdomo.

—Njo yeye. Mungu wangu, njo yeye!

—Na humu hamna sauti, Exau. MIDI haibebi sauti. Inaandika vidole tu: alibonyeza wapi, lini, kwa nguvu gani. Sauti ni ya kompyuta. Vidole ni vya mzee.

Wakatazamana. Mtu yuko kaburini tangu mwaka jana, na Jumatano hii mchana vidole vyake vinapiga kinanda Kansanga, boda zikipita nje.

Wimbo ukaisha. Oyat akanyoosha mkono asimamishe, kama kawaida yake.

—Ngoja, Exaucée akasema. Ile pale ni nini?

Mbali, baada ya patupu parefu, kulikuwa na vijiti vitatu. Wakasubiri. Kisha ikasikika noti moja ya juu, mara tatu, taratibu.

Exaucée akaketi sakafuni.

—Ananiita.

—Nani?

—Papa! Nikiwa mutoto, chakula ikiiva, hakukuwaka anapaza sauti. Anabonyeza tu ile tatu, mi nakuja mbio.

Oyat akaketi kando yake. Sasa alikumbuka: kabla ya kuanza, mzee aliuliza, "Exaucée ataisikia lini?" Naye alijibu, "Siku ya harusi, mzee."

—Nisamehe, alisema. Harusi je?

—Jumamosi. Lakini usikate kitu. Hata ile kimya.

—Hata sekunde moja.

Jumamosi wimbo ulipigwa kanisani hadi mwisho, mlango ukiwa umefungwa. Kimya kikatanda. Watu wakageuka, mashangazi wakaanza kunong'ona, padri akamwangalia fundi wa spika. Oyat peke yake, pale mbele, alitulia.

Noti ikalia mara tatu.

Mlango ukafunguka. Exaucée akashika gauni lake kwa mikono miwili, akaja mbio.