Aliyeacha Lango Wazi

Kila siku nikitoka shule nilishuka basi kwenye lango la wafanyakazi la kijiji cha makumbusho kinachoigiza maisha ya kale, kando ya Mto James, nikamngoja mama. Mama alikuwa akiigiza mke wa mlowezi wa Kiingereza wa mwaka 1614: sketi nzito, kofia ya kitambaa, na chungu cha uji wa mahindi juu ya moto tangu asubuhi. Mgeni akimuuliza habari za simu, alikodoa macho kana kwamba hajawahi kulisikia neno hilo. Tukiingia garini alivua kofia na kusema, "Loretta mwanangu, miguu imekwisha. Leo tunakula piza."

Wafanyakazi wote walikuwa hodari wa kuigiza, lakini hakuna aliyemfikia Mzee Amos Tillery, mchunga mbuzi. Alikuwa na kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita. "Ewe binti," aliniambia mbele ya wageni, "ni merikebu ipi iliyokuleta? Una habari gani za Mfalme wetu?" Wageni wakigeuka tu, alinikonyeza. "Una biskuti hapo? Njaa inaniua, mjukuu wangu."

Mbuzi aliyempenda kuliko wote aliitwa Patience, mweupe, sikio moja limepasuka. Alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa.

Alhamisi moja ya Oktoba darasa letu likaja ziara. Mimi tena, nikaona siku ya kujishaua ndiyo hii! Wenzangu walipopanga foleni kutazama magobore, nilimvuta rafiki yangu Kendra. "Twende nikuonyeshe kitu. Sisi wenyeji hatupangi foleni."

Tukapita njia ya wafanyakazi hadi zizini. Lango lile halikuwa na komeo la chuma, maana pale kila kitu lazima kiwe cha kale: unazungusha kamba mara mbili kwenye nguzo, kisha unaikaza. Niliifungua, tukaingia, tukampapasa Patience, Kendra akapiga picha, mara tukasikia mwalimu anatuita kwa hasira. Tukatoka mbio. Njiani nilikumbuka kwamba sikuizungusha kamba. Nikajiambia nitarudi baadaye.

Sikurudi. Patience alitoka, akaenda nyuma ya jengo la tiketi, akala vichaka vya mapambo vyenye sumu. Tulipokuwa tunaelekea kwenye basi tukamkuta Mzee Amos amepiga magoti kwenye nyasi, kichwa cha mbuzi mapajani. Wageni walikuwa wamemzunguka, lakini hakutaja merikebu wala mfalme. "Amka, mama," alisema kwa sauti yake ya kweli. "Usinifanyie hivi, Patience wangu." Machozi yalimdondoka kwenye ndevu.

Kendra akanitazama. Nikamkanyaga mguu. "Ukisema, urafiki wetu basi."

Msimamizi, Bi Whitcomb, alimuuliza mzee kama alifunga lango asubuhi. "Nilifunga," akajibu. Kisha akaitazama mikono yake. "Nadhani nilifunga." Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba uzee ndio huo.

Ijumaa nilimwona akiikaza ile kamba, akaenda hatua kumi, akarudi, akaifungua, akaikaza upya. Mara tatu! Jumatatu alikuwa na karatasi mfukoni, anaandika kila alichofanya na saa aliyokifanya. Hakuniomba biskuti. Aliniuliza jina langu, kisha akacheka kwa aibu. "Najua, najua. Ulimi umeteleza tu."

Jioni hiyo garini mama alikuwa mnyonge. "Amos anaacha kazi. Ameshaandika barua."

"Kwa nini?"

"Baba yake alipotewa na akili akiwa na umri huohuo. Mwishowe hakumjua hata mwanawe. Sasa Amos anaamini zamu yake imefika."

"Lakini yeye ni mzima, mama!"

"Wewe umejuaje?"

Hapo nililia hadi pumzi ikanikata, nikamweleza yote. Mama hakunigombeza. Aligeuza gari. "Mimi sitakusemea," alisema. "Utamwambia mwenyewe."

Tulimkuta Mzee Amos chumba cha kubadilishia nguo, amevaa suruali ya jinzi, anapanga vitu vyake kwenye boksi. Nilimsogelea. "Mzee Amos, lango niliacha wazi mimi. Wewe ulifunga. Nilikuta kamba imekazwa barabara, tena ilinisumbua kuifungua."

Aliweka boksi chini. "Ilizungushwa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena. Alijifunika uso kwa mikono, akalia kuliko alivyomlilia Patience. Mama naye akalia. Mimi nilisimama palepale, nikitamani ardhi inimeze. Bi Whitcomb alipoitwa, nilirudia maneno yaleyale, naye akaichana ile barua mbele yetu na kumwomba mzee radhi.

Ndipo Mzee Amos akaniketisha kando yake. "Loretta, kusahau kamba nimekusamehe. Mtu yeyote husahau. Lakini siku nne hizi nimekuwa nikijiaga. Kila asubuhi nilitaja jina la marehemu mke wangu na la binti yangu, nijipime kama bado nayajua. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Ukinyamaza, kosa lako halitoweki. Anabebeshwa mtu mwingine, na wewe hujui ana nguvu kiasi gani ya kulibeba."

"Nisamehe, Mzee Amos."

"Nimeshakusamehe. Lakini kazi haijaisha." Akatoa simu, akabonyeza namba, akanipa. "Jana nilimwomba binti yangu anitafutie nyumba ya kutunzia wazee. Mwambie wewe kwa nini asitafute tena."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Mwanamke akapokea kabla haijaita mara ya pili. "Baba? Baba, bado unanikumbuka?" aliuliza, na nilisikia kwamba alikuwa analia.