Nyonga za Mama Domitille

"Kunguru ametua Manika. Umesikia?" mkuu wa Kazadi aliuliza kwa redio.

"Nimesikia."

Kazadi alichomeka redio yake ya Motorola kiunoni, akamgonga bega dereva wa pikipiki. "Papa, ongeza mwendo! Ile Land Cruiser ya rangi nyeupe, usiiache!"

Pikipiki ya TVS iliunguruma katikati ya vumbi jekundu.

Kunguru lilikuwa jina la siri la Baudouin. Aliingiza vichupa vya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, akidai vina seli shina hai za kuotesha upya gegedu la nyonga zilizolika. Kule Fungurume wagonjwa walichomwa sindano hizo, nyonga zikaoza, wengine wakazikwa. Kazadi, jasusi wa serikali, alikuwa akimwinda tangu huko.

Asubuhi mama yake, Mama Domitille, alikuwa amempigia simu kwa furaha. Miaka mingi ya kuinama mtoni akiosha mawe ya kobalti ilikuwa imemla nyonga zote mbili. "Leo batanichoma piqûre, sindano ya nyonga, mutoto yangu. Nitatembea tena mpaka ku misa."

"Mama, usiende."

"Juu ya nini nisiende?"

Siri ya kazi ilimfunga mdomo, na mama akakata simu. Kazadi alijilaani njia nzima.

Land Cruiser ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka la samaki. Mwenye duka, Mama Henriette, alikuwa akisugua friji tupu.

"Mama, Baudouin eko wapi?"

"Ameingia kule nyuma, ku bagonjwa. Alikuya kukamata dawa yake mu friji yangu."

"Na samaki?"

"Courant, umeme, ilikatika tangu juzi, tata. Samaki ya thomson yote iliozaka, nikatupa. Dawa tu njo ilibakia mule."

Samaki mfu ameoza kwa kukosa baridi. Seli hai zingeponea wapi?

Kazadi alichomoa bastola yake ya Browning, akapiga mlango teke.

Mama Domitille alikuwa amelala kwenye kitanda, kitenge kimepandishwa. Sindano mkononi mwa Baudouin ilikuwa imeshagusa ngozi.

"Weka chini!"

Baudouin aliitupa, akarukia dirisha. Nje alidakwa na Ngeleka, jasusi mwenzake Kazadi, aliyekuwa akivizia pale. Pingu zikalia.

Kwisha kazi.

"Kazadi!" Mama alijaribu kuinuka, maumivu yakamrudisha. "Acha kwanza banichome!"

"Mama, ile iko sumu. Inaua batu."

Mama alimtazama mwanawe, akatazama bastola, akaelewa kazi ambayo hakuwahi kuambiwa. Machozi yakamtoka.

"Moyo ilikuwa inaniambia banatudanganya. Ila bengine bote banasema tuzoee tu maumivu. Sasa weye utanipa nini?"

Hakuwa na cha kumpa. Jambo hilo lilimuuma kuliko risasi aliyowahi kupigwa begani.

Motorola ikakoroma kwa sauti ya mkuu wake. "Kazi safi. Njoo utoe ripoti."

Aliizima. Alivaa miwani yake ya Ray-Ban humo humo ndani, maana wagonjwa walikuwa wakimkodolea macho, naye hakutaka wayaone yake. Akamshusha mama kitandani taratibu, akampa mkono.

"Twende, mama."

"Polepole, mutoto yangu."

Kazadi, aliyesifiwa kwa mbio zake, alitoka akifuata mwendo wa mama yake. Pikipiki zilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Walichelewa sana kufika.