Filamu ya Bibi Milembe

Maoni ya mwanzo yalimchekesha Teodora. "Mzimu wenu umepakwa sembe," aliandika mtazamaji mmoja, na wenzake wakamjazia vicheko. Hawakukosea. Filamu yake fupi ya kwanza aliipiga kwa simu, akaihariri kwenye kompyuta ya studio ya picha alikofanya kazi pale Mabatini, kisha akaiweka mtandaoni. Mzimu alikuwa rafiki yake Queen, msusi, aliyepakwa unga usoni na rangi ya midomo kuzunguka macho.

Yakaja maoni ya namna nyingine.

"Huyo wa sembe ni kichekesho, ila yule bibi wa dirishani, jamani! Mmemtoa wapi? Anaigiza kama haigizi."

"Bibi wa dirishani kanikosesha usingizi."

Teodora aliyasoma mara mbili. Kwenye filamu yake hapakuwa na bibi yeyote.

Akaifungua palepale, mchana kweupe, wateja wa picha za pasipoti wakimsubiri. Pale Queen anapotoka nje ya nyumba akinyoosha mikono, dirishani nyuma yake alisimama mwanamke mzee, kitenge cha bluu kilichopauka kimefungwa kifuani, macho mekundu. Hakumtazama Queen. Alitazama kamera. Teodora akairudisha nyuma, akaitazama tena. Safari hii bibi hakuwa dirishani. Alikuwa mlangoni.

Nyumba ile ilikuwa ya udongo, imeachwa ukingoni mwa shamba la mjomba wake kule Kisesa, chini ya mawe makubwa. Mjomba Ndalahwa ndiye aliyemruhusu kuitumia, na ndiye aliyempa hadithi. "Hapo alikaa mchawi," alimwambia. "Alikula wajukuu zake wote, mpaka radi ikampiga." Teodora hakuwa na sababu ya kutomwamini. Mjomba ndiye aliyemlea na kumsomesha baada ya mama yake kufariki. Hadithi yote akaitia mdomoni mwa Queen: "Nimewala wajukuu zangu, na ninyi nitawala!"

Wiki haikuisha, Queen akamjia studio amejifunga kanga usoni.

"Teo, macho yananiwaka. Kama mtu ananifukiza."

"Umeenda hospitali?"

"Nimepewa dawa ya matone, wapi! Na chumbani kwangu kunanuka moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Mimi napikia gesi, Teo." Akashusha sauti. "Halafu kuna mtu ananoa panga. Nikitoka nje, hakuna mtu. Nikiingia, anaendelea."

Alipofungua kanga, macho yake yalikuwa mekundu kama nyama mbichi.

Siku hiyohiyo mtazamaji mmoja aliuliza: "Mbona bibi anasema, Ndalahwa yuko wapi? Ndalahwa ni nani?"

Teodora akawaacha wateja, akarudi kwenye kompyuta. Jina hilo halikutajwa popote kwenye filamu. Akavaa spika za masikioni, akaongeza sauti mpaka mwisho, na nyuma ya maneno ya Queen, nyuma ya upepo na milio ya ndege aliowarekodi mwenyewe kwenye yale mawe, akasikia chuma kikisuguliwa juu ya jiwe, taratibu, kwenda na kurudi, na sauti ya mwanamke mzee ikiuliza bila haraka, kama mtu anayejua kwamba ipo siku atajibiwa, Ndalahwa yuko wapi, Ndalahwa yuko wapi, na harufu ya moshi ikamjaa puani, humo humo studio, mpaka akazivua spika na kuzitupa sakafuni.

Akaifuta filamu mtandaoni. Haikusaidia. Watu walikuwa wamekwisha kuirushiana, simu kwa simu.

Ndivyo ilivyomfikia Sabina, mwanamke wa makamo, muuza dagaa wa Kirumba. Alikuja studio akaketi bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye mwenye filamu ya nyumba ya Kisesa?"

"Ndiyo. Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Yule dirishani ni bibi yangu, Milembe. Filamu yako inasema alikula wajukuu zake. Alikuwa na mjukuu mmoja tu, na ni mimi. Unaniona nimeliwa?"

Teodora akafunga mlango wa studio.

"Nilikuwa uvunguni mwa kitanda," Sabina akasema. "Watu watatu waliingia na mapanga. Walisema macho yake ni mekundu, ni mchawi. Binti, miaka yote alipikia kinyesi cha ng'ombe, macho yangekuwa meupe kwa nini? Sikuwahi kujua nani aliwatuma. Jana nimemsikia bibi mwenyewe akimtaja."

"Ndalahwa ni mjomba wangu," Teodora akanong'ona. "Ndiye mwenye lile shamba sasa."

"Shamba lile lilikuwa la bibi. Basi unalo la kufanya."

Kwanza walimpeleka Queen kwa mganga Maige, huko Ilemela, juu kwenye mawe. Maige alimshika Queen kichwa, akanusa hewa, akaiweka kando dawa aliyokuwa ameshaitwanga.

"Angekuwa jini ningemfukuza," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu ana kesi. Mmemuua mara ya pili kwa mdomo. Nendeni mkayafute maneno yenu palepale mlipoyasemea, na aliyewapa maneno hayo awepo."

Jumapili mchana majirani wa Kisesa waliitwa kwenye ghala la pamba la Ndalahwa, jirani na ile nyumba ya udongo, waione filamu iliyopigwa kijijini kwao. Madirisha yalizibwa magunia, shuka likatundikwa ukutani. Sabina na Queen wakakaa nyuma. Ndalahwa, ambaye simu yake ilikuwa ya tochi na hakuwahi kuiona filamu yenyewe, alikaa mbele kabisa, kifua mbele.

"Shikamoo, mjomba," alisema Teodora.

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, tuone uchawi wako."

Queen alionekana akitoka mlangoni. Watu wakacheka. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Teodora alikuwa ameitoa, akaweka ya Sabina: "Mimi ni mjukuu wa Milembe. Sikuliwa na mtu. Bibi yangu alikatwa mbele yangu, kwa ajili ya shamba hili."

Vicheko vikakatika. Kiti cha Ndalahwa kikalia.

"Zima hiyo!"

Teodora akachomoa waya wa projekta, na taa ya mashine ikafa, lakini picha haikuondoka kwenye shuka, bibi akatoka mlangoni akija mbele, hatua kwa hatua, kitenge kikimburuzika, akipita kando ya Queen kama anayempita mtoto anayecheza, mpaka uso wake ukalijaza shuka lote na moshi ukaanza kupenya katikati ya nyuzi, moshi mzito wa kinyesi cha ng'ombe, na katika giza lile, nyuma ya watu, kisha kushoto kwao, kisha miguuni pa Ndalahwa, panga likawa linanolewa.

"Ndalahwa," bibi akasema. "Siku ile mchana ulikula ugali kwangu."

Ndalahwa akaanguka magoti. "Mama, mimi sikukugusa! Mkono wangu haukukugusa! Niliwatuma tu!"

Kila mtu alisikia.

Mtu akararua gunia dirishani, mwanga ukaingia. Shuka lilikuwa tupu. Queen alikuwa akijifuta uso, macho yake meupe, akilia kwa nafuu. Ndalahwa akainua kichwa, na waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu, moshi ukimchuruzika kwenye kope.

"Mchawi," akasema mtu. Wengine wakalirudia neno hilo. Yeye ndiye aliyewafundisha kuyaogopa macho ya namna ile, na sasa waliokota mawe wakimtazama usoni.

Sabina akasogea mbele akijitaja kuwa ndiye mjukuu, na Ndalahwa akatambaa mpaka miguuni pake. Sabina akamwacha aishike miguu yake kitambo, kisha akasimama kati yake na watu.

"Hapana. Mkimuua leo atapumzika. Mpelekeni polisi akiwa mzima."

Kituoni Ndalahwa alieleza yote kabla hajaulizwa, akaomba chumba kisicho na dirisha. Hakuna aliyeelewa kwa nini alikohoa vile, na moshi haukuwepo.

Jioni Teodora na Sabina walisimama mbele ya nyumba ya udongo. Teodora alikuwa amemlilia mjomba wake mpaka sauti ikamkauka.

"Amekwisha kwenda?" aliuliza. "Bibi?"

"Waliokuja na mapanga walikuwa watatu," Sabina alijibu. "Mjomba wako amesema hajui waliko siku hizi." Akamnyooshea mkono, akagusa simu yake. "Irudishe mtandaoni. Na sauti yangu hivyohivyo. Isambae. Bibi atawajua mwenyewe."

"Dada, watu wengine wataiona. Watu wasio na kosa."

"Wasio na kosa wataona filamu tu."

Teodora akaitafuta filamu kwenye simu. Kisha akabonyeza. Nyuma yao mlango wa nyumba ile tupu ukafunguka, bila upepo, na harufu ya moshi ikawapita katikati, ikashika barabara ya kwenda mjini.