Kidonge cha Jioni Juu ya Mawingu

Cherehani ilikuwa ikilia tangu alfajiri. Mama Cherehani, kama mtaa ulivyomwita, alikuwa akimalizia nguo za mjukuu ambaye hajawahi kumwona. Binti yake alikuwa amejifungua nchi ya mbali. Kesho yake mama angepanda ndege kwa mara ya kwanza.

Mumewe, seremala, aliisoma tiketi kwa sauti. Kuondoka saa moja asubuhi, kufika saa tisa alasiri, siku hiyo hiyo.

"Saa nane tu, mama watoto. Mimi mlango mmoja unanila siku tatu."

Walicheka. Mama akavitia vidonge vyake vya kifafa chini kabisa ya sanduku kubwa. Kila siku alimeza kimoja saa kumi na mbili asubuhi na kimoja saa kumi na mbili jioni. Cha jioni angekimeza kwa binti yake, akishaoga. Zamani, alipokuwa akiruka dawa, aliwahi kuanguka na pasi ya moto mkononi.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua sketi yake. Aliposikia habari ya vidonge, akaiomba tiketi. Akawaonyesha herufi ndogo pembeni. Safari ilikuwa ya saa kumi na sita.

Seremala akabisha. Kutoka saa moja hadi saa tisa, hizo nyingine zimetoka wapi?

Muuguzi aliomba mpira wa watoto na tochi. Kwa chaki ya ushonaji akaweka alama mbili, moja ya kwao, moja ya kwa binti. Akafunga dirisha, akawasha tochi, akauzungusha mpira polepole. Alama ya kwao ikaingia gizani. Ya binti ilikuwa bado ina mwanga.

"Tochi ndiyo jua," alisema. "Kila mahali wanafuata jua lao. Kwa binti yako wako nyuma yetu kwa saa nane. Ukifika alasiri yao, huku ni saa tano usiku."

Mama akanyoosha uzi kutoka alama hadi alama. Kilomita elfu kumi na nne, muuguzi alimwambia, ndani ya mchana mmoja. Mwili ukamsisimka.

"Sasa jioni yangu itanikuta wapi?"

"Hewani, dada. Ukingoja jioni yao, utakaa saa ishirini bila dawa tangu kile cha asubuhi, na unaweza kuanguka. Vidonge viweke kwenye mkoba wa mkononi. Saa yako usiibadilishe. Hata ukifika, meza kwa saa za huku mpaka daktari akupangie."

Mama akalifungua sanduku upya.

Ndege iliondoka jua likiwa nyuma yake. Watu walikula, wakalala, wakaamka, wakalala tena. Jua lilipanda taratibu mno, kama mtu anayevuta miguu. Saa ya mkononi ilipofika kumi na mbili jioni, jua lilikuwa utosini, na mawingu yalimeremeta chini kama pamba isiyo na mwisho. Moyo ukamwambia asubiri, bado mchana. Akaitazama saa, akaomba maji.

"Dawa ya mchana, mama?" aliuliza mhudumu.

"Ya jioni, mwanangu," alijibu, akameza.

Alipofika kwa binti na kumpigia mumewe simu, seremala hakungoja salamu.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimempakata mjukuu wetu hapa, amelala."

Seremala alishusha pumzi. Akasema nyumbani ni usiku mkubwa, hata mbwa wamenyamaza. Mama akatazama dirishani. Nje kulikuwa na jua, lile lile aliloondoka nalo nyumbani.

"Lala, baba watoto," alisema. "Jua ninalo mimi huku."