Vipande vya Netani

Jumamosi ile soko la Suva lilikuwa limefurika, mvua inanyesha kama kawaida yake, na Akosita amesimama kwenye fungu la magimbi na mwavuli wake mwekundu, gauni la maua limemkaa sawasawa, anabishana bei. Ghafla mwavuli ukamtoka mkononi. Kijana mmoja mrefu, shati lake limejaa madoa ya rangi, alikuwa anaondoka nao polepole kama wake.

"We kaka! Una wazimu?"

"Nimesikia lafudhi yako, dada. Wewe ni wa kisiwani, kule wanakoponda magome kutengeneza masi."

"Ndiyo. Kwa hiyo?"

"Kwetu ni juu mtoni. Mababu zetu na wenu waliabudu mzimu mmoja. Mwavuli huu ni wangu."

Lo! Mtani! Na mtani akichukua chako hununi, hushtaki, hudai; unachoweza ni kuchukua chake siku yako ikifika. Siku ya Akosita ilifika palepale. Aliinama, akamvua yule kijana kandambili zote mbili, akazitia kapuni juu ya magimbi.

"Tembea peku, mtani. Miguu yenyewe mikubwa hivyo, haitaumia."

Wauza samaki walicheka mpaka wakashika mbavu. Hivyo ndivyo Akosita alivyompata Netani, mchoraji, na haikupita miezi mitatu wakawa hawaachani. Mwavuli alikaa nao Netani, kandambili akakaa nazo Akosita.

Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Meli za watalii zikaacha kutia nanga, hoteli zikafunga vyumba, na pale bandarini wachongaji wakawa wanacheza karata tangu asubuhi. Akosita aliishi kwa masi, gome la mti analoliponda mpaka lilainike kama kitambaa, kisha kulichapa nakshi kwa wino wa masizi. Alikuwa na kiolezo kimoja cha nakshi ambacho asingekibadilisha na chochote. Bibi yake alikikata kwenye filamu ya eksirei ya kifua chake mwenyewe, na ukikiinua kwenye mwanga unaziona mbavu za bibi katikati ya nakshi.

"Watalii wameondoka," alimwambia Netani. "Watu wa Suva nao wameondoka? Hawaoi? Hawazai? Watoto wao hawahitimu?"

Akazikata masi zake kubwa: mikanda ya wahitimu, vitambaa vya kuzungushia keki, vipande vya kufungia zawadi za watoto. Aliwapigia simu wateja wake wa zamani mmoja mmoja, akawauliza nani anaoa, nani kajifungua. Biashara ikapumua.

"Mpenzi wangu," Netani alimtania akiwa na mdomo umejaa, "siku hizi wewe ni msanii au fundi mikanda?"

"Fundi mikanda ndiye aliyemnunua huyo samaki. Mteme basi."

"Mimi kazi zangu haziuzwi kwa vipande."

"Basi mchwa watazila zikiwa nzima."

Wakacheka, Akosita akamfuta mchuzi kidevuni. Alimpenda, huyu bwana, tena vibaya sana.

Kisha Jumanne moja simu ikalia. Alikuwa Mama Laisani, aliyeagiza mikanda ya mahafali ya wauguzi.

"Akosita mwanangu, nisamehe, siichukui tena. Nakshi hiyohiyo ipo kwenye mashati, duka la nguo pale kituo cha mabasi. Nusu ya bei yako."

Akosita alikwenda mbio. Mashati yalikuwa yamepangwa dirishani safu nzima, na nakshi ilikuwa ya bibi, hata ile kona iliyopinda pale mkasi wake ulipoteleza.

"Mchoro alituletea mchoraji mmoja mrefu," alisema muuzaji. "Mcheshi huyo!"

Nyumbani alifungua kopo la biskuti alimohifadhi vifaa vyake vya nakshi. Kiolezo hakimo. Akampigia Netani simu.

"Kiolezo cha bibi kiko wapi?"

"Eh, sauti gani hiyo, mpenzi? Kipo kwangu, salama kabisa. Nilikiazima ulipokwenda msibani."

"Ukakiuza."

"Nimeuza mchoro tu! Hali ngumu, msanii lazima auze. Si ndiyo unavyonihubiria kila siku? Halafu..." akacheka, "mimi si mtani wako? Huruhusiwi kununa."

Hicho kicheko ndicho kilichomchoma. Wazee gani watasikiliza kesi ya watani?

"Kweli," alisema kwa sauti laini. "Siruhusiwi. Kazi njema, mpenzi."

Hakulia hata chozi moja. Alitafuta jiwe, akanoa mkasi.

Ijumaa Netani alikuwa na maonyesho karibu na ufukwe: michoro kumi na mmoja, kila mmoja mkubwa kama mlango, na wageni wa heshima wamealikwa saa kumi jioni. Asubuhi, yeye akiwa kwa kinyozi, lori likasimama nje ya jumba la maonyesho. Akashuka Akosita na shangazi zake wanne, wamevaa magauni ya sikukuu, wanaimba, wakaanza kuishusha michoro ukutani.

"Mnaipeleka wapi hiyo?" mlinzi alishtuka.

"Baba, wewe kwenu wapi?" aliuliza shangazi Kelera.

"Juu mtoni. Kijiji kimoja na mwenye michoro."

"Basi wewe ni mtani wetu. Shika upande ule, ni mzito."

Mlinzi alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akashika.

Sokoni, kati ya magimbi na samaki, Akosita alitandaza mchoro wa kwanza na kupitisha mkasi katikati.

"Kipande cha bahari hicho! Kipande cha mawingu! Netani mwenyewe, yule wa magazetini!"

Watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la sanaa walisukumana. Muuza kaa alichukua wingu la kutundika juu ya mizani yake, dereva wa teksi akachukua ndege. Kufika adhuhuri michoro kumi ilikuwa imekwisha. Akosita alisikia raha, raha hasa, wala hakuona haya.

Netani akatokea, nywele zimenyolewa vizuri, amevaa shati jipya lenye nakshi ya bibi.

"Akosita! Kazi yangu ya miaka miwili!"

"Taratibu, mtani. Umenuna?"

Soko zima likaangua kicheko.

"Na kazi zako zinauzika kwa vipande, unaona?" Akageuza mchoro wa mwisho.

Mkasi ukasimama. Mchoroni alikuwa Akosita mwenyewe, kwenye mvua, mbele ya magimbi haya haya, na mwavuli mwekundu.

"Huo hapana," Netani alisema chini kwa chini. "Huo nilitaka kukupa leo, mbele ya wageni. Pamoja na pete."

"Pete umeinunua kwa pesa gani?"

Netani akashika ukosi wa shati lake jipya.

"Nimekuuliza! Kwa mbavu za bibi yangu?"

Hakuna aliyecheka sasa. Netani alivua lile shati, akabaki kifua wazi, mvua nayo imeanza.

"Leo sisemi kama mtani. Nilikuibia. Nuna, Akosita. Nakuomba unune."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Akosita. Alimwambia yote, hata lile la fundi mikanda, mbele ya wauza samaki, bila kuacha neno. Alipomaliza akaukata mchoro katikati, akampa upande wenye mwavuli.

"Mimi nabaki na mimi. Siku shati la mwisho litakapotoka dirishani, ulete hiyo nusu."

Mwenye duka hakukubali kuyatoa mashati bure. Kwa wiki tano Netani alimpakia rangi kuta na mabango yake, juu ya ngazi, mbele ya kituo cha mabasi, abiria waliosikia habari za sokoni wakimpigia kelele: "Fundi mikandaaa!" Alichovya brashi tena.

Siku ya mwisho alikuja sokoni na gunia la mashati, nusu ya mchoro, na ule mwavuli mwekundu. Akatoa kiolezo. Akosita alikiinua kwenye mwanga, akaziangalia mbavu za bibi moja moja. Zote zilikuwepo.

"Na pete?"

"Nimeirudisha. Siku hizi nachora vidogo, vya kiganja. Vinanunuliwa. Nitapata nyingine."

"Pole pole hivyo?"

"Kipande kwa kipande. Bado umenuna?"

"Tena sana."

Akosita akamnyang'anya mwavuli. Akainama, akamvua kandambili zote mbili, akazitia kapuni. Kisha akaondoka kwenye mvua bila kugeuka nyuma, akitembea polepole, mwendo ambao mtu aliye peku angeweza kuufuata.