Mwezi Nilioutoa Kwenye Kopo

Nyumba yetu iko mlimani, juu ya Kinole. Ukisimama mlangoni unaona migomba, halafu michungwa, halafu ukungu. Mwaka ule wa 1998 tulikuwa tunaishi wawili tu. Mimi, Bi Mosi, na mjukuu wangu Sabra, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Mume wa Sabra, Hashimu, alikuwa anafanya kazi Kihonda, kwenye karakana ya mtu binafsi ya kuchomelea mageti. Alipanda kutuona mara moja kwa mwezi. Alikuja na sukari, mafuta ya taa, na kila mara viatu vya mtumba visivyomtosha mtu.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi nilikuwa namenya magimbi. Sabra alikaa kwenye kigoda akichambua maharage. Ungo ulikuwa juu ya tumbo lake, maana magoti yalikuwa hayaonekani tena.

"Bibi, amepiga teke mpaka maharage yamemwagika."

"Ana haraka huyo. Kama babu yako."

"Haraka ya nini? Si umesema bado miezi mitatu?"

"Mitatu kasoro siku chache. Nimehesabu mwenyewe, mke mwenzangu. Tulia."

Kweli nilikuwa nahesabu. Nilikuwa na kopo la majani ya chai juu ya kabati. Kila mwezi unapoandama, nikauona mwembamba kwa macho yangu, natia punje moja ya mahindi. Punje tisa zikitimia, mtoto yuko njiani. Ndivyo alivyonifundisha mama, na mimi nimezaa saba.

Hesabu hii haikuwa mchezo. Mimba ya kwanza ya Sabra, uchungu ulimshika hapa hapa mlimani. Vijana walimshusha kwa machela, njia nzima utelezi. Walipofika hospitali mjini, mtoto alikuwa ameshafariki. Sabra mwenyewe alipasuliwa, akapona kwa shida. Siku ya kutoka, daktari alituambia neno moja. Alisema, "Mimba nyingine, wiki mbili kabla ya tarehe, huyu awe mjini. Ana kovu kwenye mji wa mimba. Uchungu ukimkuta mbali, kovu linaweza kuchanika, na mtawakosa wote wawili."

Kwa hiyo kila kitu kilitegemea tarehe. Na tarehe yenyewe tulikuwa hatuna.

Oktoba Sabra alikwenda kliniki, akaandikiwa kadi. Mara ikaja ile mvua ya El Nino. Paa likavuja juu ya sanduku. Kadi ikalowa, wino ukasambaa, karatasi yote ikawa ya bluu. Mto nao ukabeba daraja letu la magogo. Sabra hakwenda tena kliniki. Tukabaki na kopo langu, lenye punje sita.

Kaka yangu Salehe alipita siku hiyo, kama kawaida yake, wakati chakula kinakaribia kuiva.

"Mosi, hilo ni tumbo la miezi sita au gunia la machungwa?"

"Ni mapacha," nikasema.

"Mapacha wa wapi? Ukoo wetu hauna mapacha."

"Basi wametoka kwa Hashimu."

"Hashimu mwembamba vile? Hata mmoja namshangaa!"

Sabra alicheka, lakini hakucheka sana. Usiku uliopita nilimsikia anageuka-geuka kitandani.

"Babu, mnanichanganya," akasema. "Hashimu ana kalenda chumbani kwake, anasema Aprili. Bibi anasema Juni. Wewe unasemaje?"

"Mapacha huwahi," Salehe akajibu. "Weka Mei."

Aprili, Mei, Juni! Nilikaa na gimbi langu mkononi. Nilikuwa na uhakika na punje zangu. Lakini nikilitazama lile tumbo, uhakika wote unapotea.

Siku mbili baadaye, tarehe 26 Machi, daraja likiwa limeshatengenezwa, wauguzi walipanda kuchanja watoto. Mmoja wao ni Eufrazia. Kwao ni mbali na hapa, lakini ameishi Kinole miaka mingi. Alipomaliza chanjo alipiga hodi kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani. Umelowa?"

"Viatu tu. Nimemfuata Sabra. Tangu Oktoba sijamwona kliniki."

Alimlaza Sabra mkekani. Akampima tumbo kwa utepe. Akatega sikio kwenye kile kipembe chao cha mbao, muda mrefu, upande huu na upande ule. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mlango.

"Mapacha?" nikauliza.

"Moyo mmoja, bibi. Mtoto mmoja, na ameshageuza kichwa chini. Mimba hii ni kubwa. Imepita miezi minane."

"Haiwezekani! Mimi nina miezi sita."

"Hongera, bibi. Sikujua kama na wewe ni mjamzito."

Sabra aliangua kicheko mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilileta kopo, nikamwaga punje mkekani. Sita. Eufrazia hakunidharau. Alizipanga moja moja kwa kidole.

"Haya bibi. Ulianza mwezi gani?"

"Sabra hakuona siku zake mwezi ulioandama mwanzoni mwa Agosti. Ndio wa kwanza. Kwetu ulikuwa Mfungo Saba."

"Nitajie yote, kutoka hapo mpaka leo. Mimi sijui majina yenu vizuri. Tumia vidole."

Nikataja. "Mfungo Saba. Mfungo Nane. Mfungo Tisa. Rajabu. Shabani. Ramadhani. Mfungo Mosi, tulipokula Idi. Mfungo Pili, ndio huu unaoisha."

Nikatazama mikono yangu. Vidole vinane.

Nikarudia tena, polepole, nikianza na mkono mwingine. Vinane.

"Punje mbili zimekwenda wapi?" Eufrazia akauliza.

Rajabu niliikumbuka mara moja. Ule mwezi uliandama mwanzoni mwa Novemba. "Mawingu yalifunga siku nyingi. Mimi sikuuona mwembamba. Nilipouona umeshakuwa mnene, nikadhani ni ule wa zamani. Sikutia punje."

"Lakini Rajabu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Msikitini walitangaza."

"Kwa hiyo mwezi wa ibada uliukubali kwa macho ya wengine. Mwezi wa Sabra ukataka jicho lako peke yako?"

Halafu nikasema la pili, na hili nililisema kwa sauti ndogo. "Mfungo Nane nilitia punje, kisha nikaitoa."

"Kwa nini?"

"Mwezi ulipatwa."

Nilimweleza. Ilikuwa katikati ya Septemba, baada ya magharibi. Mwezi mpevu ulitoka mkubwa kuliko siku zote. Saa mbili ukaanza kumegeka, ukaisha wote, ukawa mwekundu kama chungu kipya. Watu wakagonga masufuria. Nilimfungia Sabra chumbani, nikamfunika kanga mbili. Mama alisema mwezi uliopatwa umekufa, na mwezi uliokufa hauhesabiwi. Asubuhi nikaitoa punje, nikampa kuku.

"Kuku amekula mwezi mzima wa mimba yangu!" Sabra akasema.

"Njooni nje," Eufrazia akasema.

Jua lilikuwa limejitokeza. Akachukua ungo wa Sabra, akausimamisha wima mbele ya ukuta wa nyumba. Kivuli cha mviringo kikaangukia ukutani. Akanipa chungwa.

"Jua ndilo hilo, linamulika. Ungo ni dunia yetu. Chungwa lako ni mwezi. Mwezi hauna taa yake. Unang'aa kwa sababu jua linaumulika. Tunapouona mwembamba, tunaona ukingo tu wa upande ulioangazwa. Kadiri unavyotuzunguka, tunaona sehemu kubwa zaidi, mpaka unakuwa mpevu. Halafu unapungua tena. Sasa pitisha chungwa kwenye kivuli."

Nikapitisha. Chungwa likafifia.

"Hapo umepatwa. Umekufa?"

"Hapana. Uko mkononi mwangu."

"Endelea."

Nikaendelea, chungwa likatoka upande wa pili, liking'aa vile vile. Nikalirudisha tena kivulini, nikalitoa. Nilihisi mjinga, lakini nilitaka kuona.

"Kama ni hivyo," nikauliza, "mbona haupatwi kila ukiwa mpevu?"

"Swali zuri. Pitisha chungwa juu ya kivuli. Sasa pitisha chini yake. Njia ya mwezi imeinama kidogo. Miezi mingi unapita juu au chini ya kivuli cha dunia, hauguswi. Mara chache tu unaingia. Mwaka mwingine tutaona, mwingine hatutaona."

"Na ukubwa wa siku ile? Nilijua mwezi mkubwa una siku nyingi."

"Njia yake si duara kamili. Kuna siku unatukaribia, kuna siku unakwenda mbali. Ule wa Septemba ulikuwa karibu, ndiyo maana ulijaa macho. Huu mpevu wa Aprili utakuwa mbali, utauona mdogo kidogo. Mwezi ni ule ule. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku ishirini na tisa au thelathini, uwe karibu, uwe mbali, upatwe, usipatwe. Na mtoto tumboni hadhuriwi na kivuli kile."

Salehe alikuwa amefika, amesimama na chungwa la pili, analila. "Kuku wa Mosi amekula mwezi mmoja na mimi nakula wa pili," akasema.

Eufrazia alimgeukia Sabra. "Mama, unakumbuka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho?"

"Nakumbuka. Siku moja baada ya Sabasaba. Tulishusha machungwa mjini, nikaharibikiwa sokoni. Nilinunua kitenge cha ghafla."

"Tarehe nane Julai. Sikiliza na wewe bibi, ni rahisi. Ongeza siku saba: tarehe kumi na tano. Rudi nyuma miezi mitatu: Juni, Mei, Aprili. Tarehe kumi na tano Aprili. Toa wiki mbili: tarehe mosi Aprili awe mjini. Leo ni tarehe ishirini na sita Machi."

Nilikuwa namngoja mtoto wa Juni.

Hata hivyo nilijaribu kubishana. "Tungoje Idi ya Kuchinja, mwanangu. Ni siku kumi na mbili au kumi na tatu tu. Hashimu atapanda, atashuka naye."

"Bibi, tarehe ni makisio. Mtoto anaweza kuwahi wiki mbili, anaweza kuchelewa. Kwa mwenye kovu hatungoji sikukuu. Akiona damu, au maji yakimwagika, au kichwa kikimuuma sana na macho kuona giza, hata leo ashuke."

Sabra alisema, "Bibi, sitaki machela tena."

Hilo ndilo lililonimaliza. Niliingia ndani nikaanza kukunja kanga.

Jumamosi tulishuka asubuhi, taratibu, tukipumzika kila kilima. Salehe alibeba mzigo, akilalamika kwamba magimbi ni mazito kuliko mtoto. Kinole tukapata gari. Hashimu alitupokea Kihonda. Jumatatu Sabra alikwenda kliniki ya mjini, akapewa kadi mpya, tarehe juu yake: 15 Aprili. Hashimu aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga, akautundika kwenye msumari mbali na dirisha.

Idi tuliila Kihonda. Kesho yake, siku ya Alhamisi, tarehe tisa Aprili, kabla ya adhana ya alfajiri, Sabra aliniamsha.

"Bibi. Tumbo linakaza, linaachia."

Hashimu alikimbia kwa jirani mwenye gari. Tulifika hospitali uchungu ukiwa bado mchanga. Daktari alisoma kadi, akamgusa kovu, akasema apasuliwe bila kuchelewa. Nilikaa kwenye benchi. Hashimu alikuwa anahesabu vigae vya sakafuni, anafika kumi, anaanza upya.

Jua lilipochomoza, muuguzi alitoka na kifurushi cheupe. Mtoto wa kike. Kilo tatu na gramu mia moja. Alikuwa analia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshewa chai.

"Na mama yake?" Hashimu akauliza.

"Mzima. Anauliza kama bibi amekunywa chai."

Nililia hapo hapo kwenye benchi. Nilifikiria lile kopo juu ya kabati, punje sita ndani yake, na sisi tukiwa tumelala mlimani tunangoja Juni.

Siku hizi wanawake wa kwetu wakija kuniuliza hesabu, swali langu la kwanza ni siku ya hedhi ya mwisho. Asiyekumbuka tarehe namwuliza siku ile kulikuwa na nini: soko, msiba, sikukuu, mechi. Kisha namsindikiza kliniki mwenyewe, mapema, na si mara moja. Mwezi bado nautazama kwa ajili ya mfungo.

Jumamosi, siku mbili baada ya mtoto kuzaliwa, Salehe alikuja wodini na mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyeuomba. Alimwinamia mtoto, akamtazama sana.

"Mosi," akanong'ona, "kwa hesabu yako huyu ni wa miezi saba. Mbona ana mashavu hivi?"

"Ni wa wiki thelathini na tisa na siku mbili," nikamwambia.

Alikunjua vidole kuanza kuhesabu. Sabra akamsukuma mkono.

"Babu, acha vidole. Mbebe."